JOHN BROWN: MSHIKA FARASI ALIYEKULA MARUPURUPU YA MALKIA

Leo naomba tuweke pembeni siasa na mpira kidogo, nimwongelee jamaa mmoja anaitwa John Brown. Sio yule John Brown wa Marekani aliyenyongwa mwaka 1859 kwa kupigana na utumwa, huyo tumuwekee siku yake. Huyu wa leo ni Mskoti, mtoto wa mkulima, alizaliwa 1826 akafa 1883. Alianza kazi kwa kulisha farasi za wageni, akaishia kulipwa pauni 400 kwa mwaka, nyumba kajengewa, medali ya dhahabu kavishwa, na watoto wa bosi wake wakawa wanamchukia mpaka basi. Bosi mwenyewe alikuwa Malkia Victoria wa Uingereza, huyo huyo ambaye Mzungu Speke alilibandika jina lake ziwa letu mwaka 1858, utafikiri wenyeji hawakuwa na majina yao.

Kwa nini nimwandike huyu? Kwa sababu sisi vijana tuliomaliza shule tukiambiwa kuna kazi, swali letu la kwanza ni moja tu: inalipa shilingi ngapi. Wachache sana wanauliza nyumba ya kulala ni ya nani, nguo za kazi nani ananunua, bakshishi inagawanywa vipi, na bosi akifa inakuwaje. Maisha ya Brown yamejaa maswali hayo.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe. Kule Uskoti kuna milima, mito na mapori ambayo ni mali ya mtu binafsi. Usifikirie Serengeti. Unakuta tajiri mmoja anamiliki bonde zima na mlima wake, na kazi kubwa ya ardhi ile ni kuwinda. Kwa sheria ya kule, mnyama pori akiwa hai si mali ya mtu, ila haki ya kumwinda ni ya mwenye ardhi. Kwa hiyo mwenye ardhi anahitaji watu wa kumlindia uwindaji wake. Hao ndio mabwana nyama wa Uskoti. Hapa kwetu wazee wakisema bwana nyama wanamaanisha mtu wa serikali, kule bwana nyama ni mwajiriwa wa tajiri. Anaua mbweha na kunguru wanaokula mayai ya ndege, anachoma majani ya mlimani kwa zamu ili yachipue machanga, anakesha kusubiri majangili, na msimu ukifika anawaongoza wageni wa bosi wakapige kwale wa kule au kulungu wenye mapembe. Msimu wa kwale hao unaanza tarehe 12 Agosti na kwisha 10 Desemba. Ni tarehe maarufu kule kama hapa Nane Nane.

Chini ya bwana nyama kuna gili. Hili ni neno la Kigaeli, lugha ya zamani ya milima ile, maana yake kijana au mtumishi. Gili anabeba bunduki na chakula, anapiga makasia mgeni akivua samaki, anaongoza farasi mdogo anayeshusha kulungu aliyeuawa kutoka mlimani. Kazi ya miguu na mgongo. Brown alikuwa gili.

Sasa malipo. Fedha taslimu zilikuwa za wastani tu. Utamu ulikuwa kwenye marupurupu. Mtu anapewa kibanda cha kuishi bure yeye na familia. Anapata kuni au makaa, na baridi ya kule si mchezo. Anashonewa suti ya sufu nzito ile wanaita twidi, na kila shamba kubwa lina kitambaa chake chenye michoro na rangi zake, kwa hiyo ukimuona mtu kijijini unajua moja kwa moja ni mtu wa bosi gani. Kitambaa cha kijivu cha Balmoral anatajwa kukibuni Prince Albert, mume wa Malkia. Sungura walikuwa kitoweo. Halafu kuna bakshishi. Mgeni akimaliza siku yake ya kuwinda anamshika mkono bwana nyama, na kwenye kiganja kuna kitu. Wageni wenye mifuko myepesi walikuwa wanalalamika kwamba kualikwa kuwinda ni hasara, chakula bure lakini bakshishi inakumaliza.

Na haya mambo hayajafa. Mpaka leo matangazo ya kazi hizo kule Uingereza yanataja nyumba, gari la kazi, suti ya twidi, hela ya kulisha mbwa na bakshishi. Mwanzoni mwa karne ya 20 sensa zilihesabu zaidi ya mabwana nyama 20,000 Uingereza nzima. Vita ya Kwanza ya Dunia ikapunguza vibaya idadi hiyo, maana vijana walikwenda vitani na mabosi wengi wakaishiwa.

Kuna shida moja ambayo mtu akiona nyumba ya bure anaisahau. Nyumba ni ya kazi. Ukifukuzwa, ukiumia, ukizeeka, unatoa vitu nje na watoto wako. Bosi hana haja ya kukupigia kelele. Wewe mwenyewe ukikumbuka watoto wanalala wapi, unanyamaza. Nafikiri ndiyo maana watu wa kazi hizi walisifiwa sana kwa utiifu.

Baba yangu mdogo aliwahi kufanya kazi ya kufuata nyayo za wanyama kwenye kambi moja ya uwindaji wa kitalii, sitaitaja. Msimu wa wageni alikuwa anarudi nyumbani na dola, anatununulia viatu, tunamuona tajiri. Mshahara wake wa kwenye karatasi ulikuwa wa kutupwa. Sasa kama ujuavyo, mafao ya uzeeni yanakokotolewa kwenye mshahara, dola ya mkononi haimo. Alipoacha kazi kwa ajili ya mgongo alipata hesabu ya karatasi. Nikisoma habari za Brown huwa namfikiria yeye.

Turudi Uskoti. Brown alizaliwa tarehe 8 Desemba 1826 mahali panaitwa Crathienaird, parokia ya Crathie, mkoa wa Aberdeenshire. Alikuwa wa pili kati ya watoto 11. Baba yake naye aliitwa John Brown, mkulima aliyepanga shamba, mama yake Margaret Leys, binti wa mhunzi. Familia haikuwa ya ombaomba, lakini ukiwa na watoto 11 kwenye shamba la kupanga, kila mmoja anajua atatoka kwenda kutafuta. Kijana akaanza kibarua cha kuhudumia farasi kwenye nyumba ya wageni ya Pannanich Wells, halafu akapata kazi ya zizini kwenye shamba la Balmoral, ng'ambo ya mto tu kutoka kwao. Wakati huo aliyepanga Balmoral alikuwa Sir Robert Gordon.

Gordon alikufa ghafla Oktoba 1847 mezani akinywa chai ya asubuhi, mfupa wa samaki ukamkwama kooni. Kifo hicho cha ajabu ndicho kilichobadilisha maisha ya yule kijana wa zizini, maana mkataba wa kupanga ulibaki wazi, na Malkia Victoria na mumewe Albert walikuwa wanatafuta mahali pa kupumzika Uskoti. Wakaja Septemba 1848, wakapenda, na mwaka 1852 wakanunua kabisa shamba kwa zaidi ya pauni 30,000. Jumba jipya la mawe likakamilika 1856. Wafanyakazi wakarithiwa pamoja na zizi.

Hapa lazima niseme kitu, maana habari za Balmoral huwa zinaandikwa kama hadithi tamu ya milima na mbilikimo. Milima ile ya Uskoti ilikuwa na watu wengi zaidi zamani. Kuanzia karne ya 18 wenye ardhi wengi waliwatoa wakulima wadogo ili waweke kondoo, na baadaye kondoo nao wakapisha kulungu kwa ajili ya matajiri wanaokuja na treni kuwinda. Malkia kununua shamba pale kuliwapa matajiri wengine hamu ya kumuiga. Kufika mwaka 1912 maeneo ya kulungu yalikuwa zaidi ya ekari milioni 3. Kwa hiyo kijana wa pale alikuwa na njia chache: apande meli kwenda Kanada au Australia, aende viwandani Glasgow, ajiunge jeshi, au avae twidi ya tajiri amuongozee farasi. Brown alichagua farasi. Mimi simlaumu.

Mwaka 1849 jina lake linaonekana kwenye shajara ya Malkia. Mwaka 1851 akaajiriwa moja kwa moja, kazi yake ikawa kuongoza farasi mdogo anayepandwa na Malkia. Mwaka 1858 akawa mhudumu wake wa nje kwa safari zote za milimani. Hatua kwa hatua, bila shahada wala kujuana na mtu. Ila ukumbuke, mpaka hapo kazi yake ilikuwa ya pale pale Balmoral tu. Malkia akirudi England, Brown anabaki na farasi wake anasubiri mwakani. Albert, aliyekuwa mkulima kwa moyo wake, alikuwa bosi mzuri kwa wafanyakazi wa shamba, alijenga vibanda vipya badala ya vile vya kuvuja, na shule pia.

Albert akafa tarehe 14 Desemba 1861, akiwa na miaka 42 tu. Malkia alichanganyikiwa kwa huzuni. Alivaa nyeusi mpaka kufa kwake, alijifungia, alikataa kuonekana hadharani, mawaziri wakawa wanahaha. Oktoba 1863 gari lake la farasi lilipinduka usiku milimani. Brown alikuwa amekaa mbele na dereva. Malkia aliumia uso na kidole gumba, na Brown ndiye aliyewatoa yeye na mabinti zake, akawatuliza kwenye giza lile mpaka msaada ukafika.

Mwishoni mwa 1864 daktari na familia wakapata wazo kwamba Malkia akipanda farasi tena huenda akachangamka, lakini hataki kuongozwa na mtu asiyemzoea. Wakamtumia ujumbe Brown aje Osborne, kisiwa cha Wight, kusini kabisa mwa England. Wazo la familia hilo! Baadaye walijuta wote.

Februari 1865 Malkia akaamua jamaa habanduki tena. Akampa cheo kipya ambacho hakikuwahi kuwepo, Mtumishi wa Malkia kutoka Milimani, mshahara pauni 120 kwa mwaka. Tufanye hesabu kidogo ili mjue hiyo ni nini. Pauni 1 ilikuwa shilingi 20, na shilingi yetu ya Afrika Mashariki ilipoanza mwaka 1921 ilifuata hesabu hiyo hiyo. Kibarua wa shambani England miaka ile alipata kama shilingi 12 hadi 14 kwa wiki, yaani pauni 31 hadi 36 kwa mwaka akifanya kazi wiki zote. Brown alianza na zaidi ya mara 3 ya hapo, tena chakula na malazi juu ya bosi. Kazi zake? Kuongoza farasi, kupokea maagizo mara mbili kwa siku, kusafisha buti za Malkia, makoti yake, na mbwa. Ndio, na mbwa.

Halafu mshahara ukawa unapanda. Kufika mwisho wa 1872 ulikuwa pauni 400 na akapewa haki ya kuandikwa Esquire, cheo cha heshima cha mtu muungwana. Hapo ni zaidi ya mara 10 ya kibarua wa shambani. Kwa kazi ileile iliyoanza kama ugili.

Mshahara ulikuwa upande mmoja tu. Ndugu zake kadhaa nao waliingia kwenye ajira za ikulu. Mdogo wake Archibald akawa mtumishi wa karibu wa Prince Leopold, mtoto wa Malkia aliyekuwa mgonjwa wa kutoka damu, na Leopold alimchukia Archibald kwa kumtendea kwa ukali. Hapa kwetu tunaita undugunaizesheni, nao walikuwa nayo tena ikulu. Kisha Malkia akamjengea Brown nyumba ya mawe ndani ya shamba la Balmoral, inaitwa Baile-na-Coille. Jamaa hakuikalia sana, na sababu nitaisema.

Sasa nguvu zake. Brown alikuwa haongei kwa kunyenyekea. Alimsemesha Malkia kama anavyomsemesha mke wa jirani kule Crathie, anamkaripia akikaa vibaya kwenye gari, anamwambia shali haijakaa sawa. Mawaziri wakuu wanaingia kwa kuinama, yeye anaingia tu. Wageni wa kifalme alikuwa anawapa ujumbe wa Malkia bila kupamba. Na wiski alikunywa sana, hilo halifichiki, Malkia alijua na alimfunika mara nyingi. Mimi naona siri yake ilikuwa hapo kwenye maneno ya wazi. Mama wa watu amefiwa, amezungukwa na watu mia wanaosema ndiyo, akapatikana mmoja anayesema hapana, huyo mlango wazi.

Watoto wa Malkia walichukia balaa. Mrithi wa kiti, Edward, hakuweza kumvumilia. Prince Alfred aligombana naye kwenye ngoma ya magili, ile dansi ya kila mwaka Balmoral ambapo wafanyakazi na familia ya kifalme wanacheza ukumbi mmoja. Brown aliona watu wamezidisha, akaamuru muziki usimame. Alfred akakataa kumpa mkono. Malkia akalazimisha wapatanishwe, na kazi ya kusimamia upatanisho akapewa Ponsonby, afisa wa ikulu. Fikiria afisa mzima anaitwa kusuluhisha mtoto wa Malkia na mshika farasi.

Mitaani nako maneno. Mwaka 1866 magazeti ya vichekesho yakaanza kumsema, gazeti moja la Uswisi likaandika kwamba Malkia ameolewa naye kwa siri. Watu wakawa wanamuita Malkia Bibi Brown. Mwaka 1867 mchoraji Landseer akatundika hadharani picha ya Malkia juu ya farasi, na aliyeshika hatamu ni Brown, basi ikawa kama kumwagia petroli. Mwaka huo huo serikali iliogopa Brown akionekana kwenye gwaride la Hyde Park watu watamzomea, Malkia akasema bila Brown haendi. Gwaride likafutwa, wakapata kisingizio cha kifo cha Maximilian, mfalme aliyepigwa risasi Mexico. Kuhusu ndoa, hakuna karatasi iliyowahi kuthibitisha. Watu wanaliongelea mpaka leo, filamu ya mwaka 1997 ilitengenezwa, Judi Dench kacheza Malkia na Billy Connolly kacheza Brown. Mimi hilo la ndoa halinikoseshi usingizi. Linalonivutia ni hesabu.

Tarehe 29 Februari 1872 kijana wa miaka 17, Arthur O'Connor, aliruka ukuta wa Buckingham, akamkaribia Malkia kwenye gari lake akiwa na bastola na karatasi ya kudai wafungwa wa Ireland waachiwe. Brown akamdaka shingoni. Ikagundulika bastola ilikuwa mbovu haina uwezo wa kufyatua, lakini nani alijua wakati ule? Malkia akaanzisha medali ya dhahabu ya utumishi uliotukuka kwa ajili yake, na juu yake pauni 25 kila mwaka maisha yote. Prince Arthur, mtoto wake aliyekuwepo garini, akapata pini ya dhahabu. Edward akalalamika kwamba mtumishi kapewa kuliko mdogo wake.

Lakini angalia vizuri, wadau. Pauni 25 maisha yote, na maisha yake yakabaki miaka 11. Jumla kama pauni 275. Kwa kuokoa roho ya mtu aliyekuwa tajiri kuliko karibu kila mtu duniani. Sisemi alipunjwa, wakati ule ilikuwa hela. Nasema zawadi haina mizani, bosi anapima kwa jicho lake.

Na kingine kinachonisumbua kuliko vyote: likizo. Malkia mwenyewe aliandika kwa kujivunia kwamba kwa miaka 18 na kitu Brown hakuondoka kwake hata siku moja. Msomaji wa haraka anaona utiifu. Mimi naona mtu aliyefanya kazi miaka 18 bila off. Hakuoa. Nyumba kajengewa, halali ndani, kwa sababu bosi yuko Windsor, yuko Osborne, yuko Balmoral, na popote alipo bosi yeye yupo. Ndiyo sababu niliyosema. Ukiambiwa kazi ina nyumba, uliza pia una muda wa kulala humo.

Machi 1883 mwanamke mmoja wa kundi la wakubwa, Lady Florence Dixie, alitoa taarifa kwamba kashambuliwa karibu na Windsor. Malkia akamtuma Brown akachunguze. Akazunguka kwenye gari la wazi, upepo wa baridi unapiga, akarudi na mafua makali. Siku hizo hizo Malkia alikuwa ameteguka mguu kwenye ngazi na Brown akawa anambeba. Mwili ukazidiwa, maambukizi ya ngozi yakamshika usoni na kichwani. Tarehe 27 Machi 1883 akafia Windsor, miaka 56. Alikufa kazini.

Malkia alilia kama alivyomlilia Albert. Akamzika Crathie karibu na wazazi wake, akaagiza sanamu ya shaba kwa mchongaji Boehm ikasimamishwa Balmoral, kitabu chake cha pili cha safari za milimani kilichotoka 1884 akakiweka kwa kumbukumbu ya Brown. Alitaka hata kuandika kitabu cha maisha yake. Mkuu wa kanisa la Windsor, Randall Davidson, alimpinga mpaka akawa tayari kupoteza kazi, na kitabu kikazimwa.

Miaka minne baadaye, 1887, akaja mtumishi mwingine, Abdul Karim kutoka India. Naye akapanda haraka, akawa mwalimu wa Malkia wa lugha ya Kihindustani, akapewa vyeo, nyumba kwenye mashamba ya kifalme na ardhi Agra. Familia ikamchukia kama walivyomchukia Brown, safari hii na ubaguzi wa rangi juu yake. Ukiwaweka hawa wawili pamoja unaelewa jambo ambalo mshahara hausemi.

Malkia alikufa tarehe 22 Januari 1901. Alikuwa ameacha maagizo ya siri kwa daktari wake, Sir James Reid. Daktari akamwekea mkononi picha ya Brown na nywele zake kidogo, akafunika kwa maua ili familia wasione. Kidoleni alivaa pete iliyokuwa ya mama yake Brown, yule binti wa mhunzi. Ndani ya jeneza, Brown akashinda.

Nje ya jeneza mambo yalikuwa mengine. Edward akawa mfalme. Alikuwa amesubiri miaka 59. Picha na sanamu ndogondogo za Brown zikavunjwa na kuondolewa. Abdul Karim akaona barua zake zinachomwa moto mbele ya nyumba yake, akaambiwa arudi India, akafa huko 1909. Brown yeye alikuwa kashakufa miaka 18, na mkali wa maneno ukishakufa huwezi kufukuzwa. Ningependa kujua angefukuzwa vipi kama angekuwa hai, mzee wa miaka 74, bosi wake mpya ndiye yule ambaye hakuweza kumvumilia.

Ile sanamu kubwa ya shaba ya Boehm haikuyeyushwa. Edward aliamuru ihamishwe kutoka mbele ya jumba, ikapelekwa kilimani nyuma ya Baile-na-Coille, katikati ya miti, mahali ambapo mtu akiwa jumbani haioni. Ipo mpaka leo. Wageni wanaolipa kiingilio Balmoral huwa wanapanda kuitafuta, jamaa kavaa kilti yake, kofia mkononi.

Wadau mliofanya kazi za porini, za kambi au za majumbani, mtuambie kwenye maoni: bakshishi kwenu inaingia mfuko wa nani, na nyumba mliandikishana?